Muulize Fundi wa Picha: Programu ya Bure, Fundi wa Kulipwa

Barua za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu Langoni, kusi ikivuma hata karatasi nikaziwekea kikombe cha kahawa juu zisipeperuke. Kwa wasionijua: nilipiga picha za eksirei Malindi kwa miaka 11, kisha nikahamia upande wa kompyuta, na sasa kazi yangu ni kuweka na kutunza programu huria za picha za hospitali. Majina ya walioandika nimeyaficha, na ya kliniki pia. Lamu ni mji mdogo. Ukisema tu "ile kliniki karibu na gati", kila mtu keshajua.

SWALI: Bi Fundi, shikamoo. Mimi ni meneja wa kliniki ndogo hapa Malindi. Tuna mashine ya eksirei na altrasaundi moja, na tunataka seva ya kuhifadhi picha. Mpwa wangu aliipakua programu iitwayo Orthanc, akaiwasha kwenye laptopu yake kwa dakika kumi bila kulipa hata senti. Kisha nikamwita mtaalamu, akanitajia bei inayozidi mshahara wa muuguzi wangu wa mwezi mzima. Hapo nalipia kitu gani? — *Meneja Mwenye Hesabu, Malindi*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mpwa wako hakukudanganya. Orthanc ni ya bure kweli. Ilizaliwa katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, ikatolewa kwa umma mwaka 2012, na leseni yake inakuruhusu kuipakua, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kuiweka kwenye kompyuta ishirini bila kumwomba mtu ruhusa. Hakuna atakayekuja na ankara ya leseni kila Januari.

Lakini jahazi kushushwa majini si kufika Mombasa.

Nikueleze siku yangu ya kwanza kwa mteja huwa vipi. Kompyuta siigusi. Naomba kiti pale mapokezi, kando ya mwandikishaji, nikae nitazame jina la mgonjwa linavyosafiri. Kwenye kliniki moja, asubuhi moja tu, nilimwona mama mmoja akiandikwa "Mwanaisha" daftarini, "Mwana Aisha" kwenye risiti, na "M Aisha" kwenye mashine ya eksirei, kwa kuwa mpiga picha alikuwa na foleni hadi mlangoni na kibodi yake herufi moja imekwama. Namba ya mgonjwa ndiyo kabisa, kila mmoja aliweka yake. Kwa seva, hao ni watu watatu. Mwakani daktari akitaka kulinganisha kifua cha mama huyo cha leo na cha zamani, hatakipata, na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Seva haikukosea. Imehifadhi ilichopewa.

Dawa yake ni orodha ya kazi: mapokezi aandike mara moja, jina na namba na tarehe ya kuzaliwa viende vyenyewe mpaka kwenye mashine, mpiga picha achague tu kwa kidole. Orthanc ina kiambatisho cha kazi hiyo, kinachosoma vijifaili kutoka folda moja. Ila vijifaili hivyo havishuki kutoka mbinguni. Mtu lazima ajenge daraja kati ya programu yenu ya mapokezi na ile folda, tena ajue kama mashine yenu inaielewa orodha. Kuna mashine zenye uwezo huo lakini umefungwa mpaka aliyeziuza alipwe tena. Daraja hilo mpwa wako hakulijenga katika zile dakika kumi.

Kuna na hesabu ya diski, ambayo watu huikisia kwa macho. Tuchukue picha ya kifua yenye nukta 1760 kwa 2140. Kila nukta inakula baiti mbili. Zidisha: baiti milioni saba na nusu kwa picha moja. Wagonjwa 30 kwa siku, picha mbili kila mmoja, ni kama megabaiti 450. Kwa siku 300 za kazi unafika gigabaiti 135 kwa mwaka. Hiyo ni nafuu, diski ya kawaida inatosha. Lakini mkija kununua sitiskani, hesabu inageuka: kipande kimoja cha nukta 512 kwa 512 ni nusu megabaiti, mgonjwa mmoja anaweza kutoa vipande 400, na hapo mtu mmoja peke yake amekula megabaiti 200 na zaidi. Mtaalamu asiyekuuliza kama mna mpango wa sitiskani hajakufanyia ushauri, amekuuzia kompyuta.

Na nenosiri! Orthanc ikiwekwa upya haikubali wageni kutoka kompyuta nyingine. Mwenyewe ndiye huifungua. Watu huifungua, kisha wakaacha mtumiaji "orthanc" na nenosiri "orthanc", maneno ambayo kila aliyesoma maelekezo yake anayajua. Mwulize mpwa wako usiku wa leo ameweka lipi.

Usidhani kulipia ushauri wa kitu cha bure ni ujanja wa sisi watu wa pwani. Kule Marekani kuna kampuni inaitwa Kitware, ilianzishwa mwaka 1998, programu zake za picha inazigawa bure na inakula kwa ushauri na kazi za kuombwa. Ukitaka programu ifanye jambo isilolifanya, unalipa waliolijua jengo lake, wanaongeza, na nyongeza hiyo huwa ya wote. Mimi naona ni biashara ya haki kuliko ile ya kufungiwa picha zako mwenyewe.

Sasa hiyo bei yako. Usiikubali ikiwa jumla. Mwambie aigawe: kiasi gani ni cha kuweka, kiasi gani cha kufundisha watu wako wawili (wawili, si mmoja, maana mmoja ataolewa Nairobi), na kiasi gani cha kuitika simu baadaye, kwa miezi mingapi, kwa saa zipi. Simu ya Jumapili usiku ina bei yake, afadhali muiandike sasa kuliko mgombane baadaye. Malipo ya mwisho yatoke siku atakapozima seva mbele yako, achukue kompyuta tupu, na azirudishe picha zote kutoka kwenye nakala. Nenosiri zote ziwe kwenye bahasha ndani ya kabati lako la chuma. Akikataa kuandika alichofanya, mwache aende zake. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe zamani nilikuwa wa aina hiyo. Sikuandika, nikijua nitaitwa tena.

SWALI: Bi Fundi, hujambo. Mimi ni mpiga picha katika kituo kimoja hapa Lamu. Seva yetu inatumia programu huria iitwayo dcm4chee, iliwekwa na kijana aliyekwisha kwenda Qatar. Tangu daktari apewe kompyuta mpya, iliyo chumba cha pili na inayotumia Wi-Fi, orodha ya wagonjwa anaiona vizuri, lakini akibonyeza kuleta picha, haziji. Inatokea namba A801. Nimekutumia picha ya skrini. Daktari ananilaumu mimi. — *Nimechoka Kulaumiwa, Lamu*

JIBU: Sijambo, mwanangu. Kwanza ile picha ya skrini nimeifuta. Ilikuwa na majina ya wagonjwa wanne, umri wao na walichopigwa, na mmoja namjua mamake. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la siri nyeti. Siku nyingine niandikie maneno ya kosa tu, au ufunike majina.

A801 maana yake ni hii: seva imeombwa itume picha kwa mtu isiyemjua. Watu wengi hudhani kompyuta ya daktari huenda kwenye seva ikabeba picha kama mtu abebavyo mkate dukani. Sivyo. Katika DICOM, lugha ambayo mashine hizi zinaongea, kompyuta ya daktari huiambia seva, "Mpelekee fulani picha hizi." Seva nayo hufungua daftari lake, hutafuta jina la huyo fulani, huangalia anwani yake na mlango wake (port), kisha ndipo hutuma. Jina likikosekana daftarini, A801. Ndiyo maana orodha inaonekana lakini picha haziji. Kuuliza ni safari moja, kuletewa ni safari nyingine.

Kompyuta ya zamani ilikuwa na jina lake la DICOM daftarini. Hiyo mpya ama imepewa jina jipya, ama jina lile lile kwa herufi tofauti. Nenda kwenye programu ya daktari, tafuta palipoandikwa AE Title, ulinakili jina herufi kwa herufi. Kisha ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa dcm4chee, sehemu ya vifaa, utazame kama lipo hivyo hivyo. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja hapo, na jina lisizidi herufi 16. Mimi siku mbili nzima ziliniishia Malindi, nimebadilisha kebo, nimebadilisha rauta, nimemtukana kimoyomoyo fundi wa intaneti asiye na kosa, kumbe niliandika "Chumba2" na kule kwenye daftari ni "CHUMBA2". Orthanc ingeniachia hilo, maana yenyewe kwa kawaida haijali ukubwa wa herufi. dcm4chee haikuniachia.

Ukimaliza jina, hakikisha na anwani. Kompyuta mpya ikipewa anwani na rauta kila asubuhi, leo itakuwa hii na kesho ile, na daftari la seva litabaki na ya jana. Kosa la hapo litakuwa na namba nyingine, lakini daktari atakulaumu vile vile. Ipe anwani isiyobadilika, uiandike kwenye kijikaratasi, ukibandike nyuma ya skrini kwa selotepu pana. Hewa ya bahari itakifuta baada ya mwaka. Andika tena.

Kisha jambo moja ambalo hukuliuliza. Umesema kompyuta ya daktari iko chumba cha pili na inatumia Wi-Fi. Nyumba zetu hizi ukuta ni wa mawe ya matumbawe, unene wake nusu mita na zaidi. Wi-Fi inapita kama mtu mzima anavyopita kwenye dirisha la choo. Vuta kebo.

Na yule kijana wa Qatar, mtafuteni kwa WhatsApp mkimlipa kidogo awaandikie kurasa mbili tu: nenosiri, anwani, picha zinakaa diski gani. Hajawa adui yenu kwa kupata kazi nzuri.

SWALI: Bi Fundi, mwaka jana humu humu uliandika tuwashe ubanaji wa picha kwenye Orthanc ili kuokoa nafasi. Tukawasha. Juzi fundi mwingine akaniambia ushauri ule ni hatari. Nimwamini nani? — *Msomaji wa Siku Nyingi, Mpeketoni*

JIBU: Mwamini yeye. Nami nitakueleza kwa nini, ingawa hadithi yenyewe hainipi sifa.

Palikuwa na kituo nilichokuwa nakihudumia, sitakitaja. Diski ilikuwa inajaa, mwenye mali hataki kununua nyingine, nikawasha ubanaji. Kila usiku saa nane folda ya picha ilikuwa inanakiliwa kwenye diski ya nje. Nilikuwa najivunia nakala ile, nikimwonyesha kila mgeni taa yake ya buluu. Msimu ule stima ilikuwa inapotea na kurudi mara tano kwa siku, betri ya akiba imechoka, na asubuhi moja diski ya ndani haikuamka.

Nikasema hakuna shida, nakala ipo. Nikafungua diski ya nje. Orthanc haiweki picha kwa majina ya wagonjwa. Inaweka mafaili yenye majina marefu ya herufi na tarakimu, herufi 36 ukihesabu na vistari vyake, ndani ya vifolda vyenye herufi mbilimbili. Anayejua faili gani ni la nani ni daftari la ndani, faili moja la hifadhidata. Na daftari hilo mimi mwenyewe nililihamishia diski ya ndani, ile yenye kasi, ili utafutaji uwe mwepesi. Kwenye nakala ya usiku sikuliongeza. Nilisahau tu.

Kwa kawaida hata hapo si mwisho wa dunia. Kila faili la DICOM limebeba jina la mgonjwa, tarehe na kila kitu ndani yake, kama mtoto mwenye hirizi yenye jina la babake. Unayaingiza mafaili yote upya, daftari linajijenga. Nikachukua faili moja, nikalichungulia kwa dcmdump, kijiprogramu cha kusoma yaliyomo ndani ya faili la DICOM. Jibu: hili si faili la DICOM. La pili, si faili la DICOM. La kumi vile vile. Nilinyanyuka nikaenda kunawa uso.

Ni ule ubanaji. Orthanc ikibana, faili lililoko kwenye diski si DICOM tena, ni robota lililofungwa, na anayejua kwamba limefungwa ni lile lile daftari lililokufa. Kwa bahati waliotengeneza Orthanc walilifikiria hilo: kuna kijiprogramu kinachokuja nayo, OrthancRecoverCompressedFile, kinachofungua robota moja moja. Moja moja! Nikaandika mistari michache ya kukizungusha juu ya mafaili yote, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha, usiku wa pili nikaanza kuyaingiza upya. Picha zilirudi. Kisichorudi ni ripoti za PDF tulizokuwa tumeziambatisha pembeni kwa kila mgonjwa: mafaili yapo, lakini daftari pekee ndilo lililojua ripoti gani ni ya nani. Kwa wiki mbili mpiga picha na mimi tulikaa jioni tukizifungua na kuzisoma majina. Pesa ya kazi ile sikuidai.

Kwa hivyo zima ubanaji. Kwanza baadhi ya mashine tayari hutuma picha zilizobanwa kwa njia inayoeleweka na DICOM yenyewe, na kuzibana tena kunaokoa kidogo. Ukishauzima, picha mpya zitaingia bila kubanwa. Zile za zamani zitaendelea kusomeka maadamu daftari lipo hai. Pili, hakikisha nakala yako inachukua vyote viwili, folda ya picha na daftari. Kama daftari lako ni SQLite, ile inayokuja na Orthanc, simamisha huduma kwanza ndipo unakili. Ukinakili wakati inaandika unaweza kubeba daftari lililokatika katikati ya sentensi. Kama picha ni nyingi na vituo ni viwili vitatu, hamia PostgreSQL, hifadhidata ya aina nyingine, hiyo ina njia yake ya kutoa nakala bila kusimama.

Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi chukua laptopu yoyote kuukuu, rudisha nakala humo, fungua wagonjwa watatu: mmoja wa wiki hii, mmoja wa mwaka jana, mmoja mwenye ripoti iliyoambatishwa. Nusu saa. Taa ya buluu usiiamini.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Babangu alipigwa sitiskani Mombasa, tukapewa CD. Daktari wetu Malindi kompyuta yake haina tundu la CD. Nikapiga picha ya skrini kwa simu nikamtumia kwa WhatsApp, akasema haoni kitu. Nifanyeje? — *Mtoto wa Mzee, Malindi*

JIBU: Marahaba, na Mungu amjalie mzee afya. Daktari ana haki ya kutoona. Picha ya sitiskani ina ngazi za kijivu maelfu, na daktari huzivuta juu na chini kwa kipanya ili aone mfupa, kisha pafu, kisha ini, ndani ya picha hiyo hiyo moja. Simu yako imempa ngazi 256, za kipande kimoja, tena na mwanga wa dirisha umeingia.

Tafuta rafiki mwenye kompyuta yenye tundu la CD au kisomaji cha nje. Nakili CD nzima kwenye flashi, pamoja na faili linaloitwa DICOMDIR na mafolda yote, hata yale yasiyoeleweka majina. Usichague. Kwenye kompyuta ya daktari aweke Weasis, programu ya kutazama picha hizi, ni ya bure, ilianzia hospitali za chuo kikuu cha Geneva, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Afungue DICOMDIR, vipande vyote vitapangika. Flashi mpe mkononi, maana jina la babako na tarehe yake ya kuzaliwa vimo ndani ya kila kipande. CD yenyewe iweke mahali pasipo na jua wala chumvi.

Na ukishaiona hiyo Weasis usianze kutafuta ugonjwa mwenyewe usiku.

SWALI: Bi Fundi, hujambo. Nasoma kompyuta Kilifi, kwetu ni Malindi. Nataka kazi kama yako. Nimeshaweka programu ya 3D Slicer na napenda sana kutengeneza mifupa ya rangi kutokana na picha za sitiskani. Je, naweza kuanza kuwafanyia madaktari? Nianzie wapi? — *Kijana wa Mambrui*

JIBU: Sijambo, mwanangu. 3D Slicer ni chombo kizuri, ilianza mwaka 1998 kati ya hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT, kule eneo la Boston, Marekani. Lakini wenyewe wanasema wazi kuwa ni ya utafiti, haikuidhinishwa kwa matibabu. Mifupa yako ya rangi mwonyeshe daktari wa upasuaji aifikirie, sawa. Usiandike ripoti nayo. Mstari huo ukiuvuka mara moja hakuna atakayekuita tena, na atakuwa na haki.

Anza chini, pasipo na rangi. Weka DCMTK, fungu la vijiprogramu vya DICOM kutoka taasisi ya OFFIS ya Oldenburg, Ujerumani. Dirisha lake ni jeusi na maandishi matupu. Chukua faili moja la picha kutoka The Cancer Imaging Archive, ambako picha za wagonjwa zimekwisha kutolewa majina, na ulisome kwa dcmdump mstari kwa mstari. Utaona (0010,0010), hilo ni jina la mgonjwa. (0010,0020), namba yake. (0008,0060), aina ya mashine. (0020,000D), namba ndefu inayofunga picha zote za ziara moja pamoja. Ukizijua kama hamsini hivi kwa moyo, simu nyingi za wateja utazijibu ukiwa bado kitandani.

Kisha weka Orthanc kwenye laptopu yako, na dcm4chee kwenye ya rafiki yako, na mzifanye zitumiane. Anza na echoscu, ambayo ni kama kubisha hodi tu. Ikijibu, tuma faili moja kwa storescu. Kisha haribu makusudi: badilisha jina, badilisha mlango, chomoa kebo katikati, na uandike kila kosa linasemaje. Daftari langu la makosa ya namna hiyo ni la kurasa 90, lina madoa ya chai, na ndilo mali yangu.

Usidhani Kenya ni mgeni katika mambo haya. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika nchi nyingi, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Bahmni nayo, mfumo huria wa hospitali, imeiunganisha OpenMRS na dcm4chee, na ukiielewa moja mlango wa nyingine uko wazi.

Mwisho wa kusi nitakuwa na kazi ya kuhamisha seva ya kituo kimoja kutoka SQLite kwenda PostgreSQL, kazi ya siku tatu na mikono miwili haitoshi. Nauli ya basi hadi Mokowe ni juu yako, boti na chakula ni juu yangu. Njoo baada ya alasiri, ulizia nyumba ya Bi Fundi pale Langoni, watoto watakuleta. Lete laptopu, na lete kebo ndefu.